Mtungi Niliopanda Nao Nyabiyonza

Vijana mnaochukua kazi ya kulinda maji, mmeniomba niwaandikie ilivyokuwa zamani. Nimekubali shingo upande. Kwanza mkono wangu wa kulia unatetemeka, na pili najua mnataka habari za ushujaa, na kazi ya kung'oa majani ziwani haina ushujaa, ina matope. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana hayo hayamfundishi mtu kushika reki. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifunza, na jinsi jani lilivyoingia Nyabiyonza. Hilo la mwisho mmekwisha kulisikia kwa wengine, na mmelisikia vibaya. Mjomba wangu Mbaraka alichapwa kwa ajili yake mbele ya watu wa Kanoni, na jina lake limechafuka mpaka leo. Nataka lisafishwe kabla sijafa, na anayepaswa kulisafisha ni mimi.

Kwa asili mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa pwani, baba akafariki nikiwa mdogo, na mjomba Mbaraka, kaka yake mama, akanichukua. Nilifika Karagwe nikitembea nyuma ya msafara wake wa nguo, shanga na chumvi, miguu imevimba kama mihogo. Mjomba akafungua duka Kanoni, nyumba ya udongo yenye baraza mbele, na hapo ndipo nilipokulia. Alinifundisha Kurani, akanifundisha kuandika kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, kupima kitambaa, na kumsalimu mteja kwa lugha yake mwenyewe. Kinyambo, lugha ya wenyeji, nilijifunza pale barazani kwa kuchekwa. Nikikosea neno, wanawake walioleta ndizi waliangua kicheko, na neno hilo sikulisahau tena.

Jani lile lilitufikia kama ua, baada ya Wadachi kujenga boma. Wafanyabiashara walilileta kutoka pwani ndani ya madebe ya maji, linaelea, majani yake mazito yanang'aa, vikonyo vimevimba kama vitunguu, na juu yake shada la rangi ya zambarau. Lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Mtu aliweka beseni barazani, akatia mche mmoja, na mwezi haujaisha beseni limejaa. Basi pakazuka mashindano. Mke wa mwenye duka huyu ana mabeseni mawili, wa yule ana matatu. Akida naye akataka pipa zima. Hata afisa mmoja wa boma, ambaye ukisahau kumwamkia unalala chini na kuchapwa, nilimkuta siku moja ameinama juu ya karai lake akilipuliza ua vumbi kwa mdomo. Mjomba Mbaraka ndiye aliyeyauza kuliko wote. Alikuwa na safu nzima ya madebe nyuma ya duka, na kila asubuhi aliyasemesha kama watu wanavyosemesha kuku wao.

Mzungu mmoja tu hakulipenda. Huyo tulimwita Bwana Shamba, kwa kuwa alitumwa kuhimiza kilimo cha kahawa. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi, hacheki hata kwa bahati mbaya. Alikuwa ameona katika nchi nyingine jani hilo likitoka bustanini likaingia mtoni, likazaana mpaka mashua hazipiti na samaki wakafa chini yake. Alilisumbua boma mpaka likapiga marufuku kuliuza na kulifuga. Kisha akaja dukani kwetu kutafuta mtu ajuaye kusoma.

"Wewe," akaniuliza, "unaogopa maji?"

"Naogopa, bwana."

"Vizuri. Asiyeogopa atazama wiki ya kwanza, na mimi nitaanza kutafuta mtu mwingine."

Ndivyo nilivyopata kazi. Mjomba aliposikia kwamba mimi ndiye nitakayezunguka kunyang'anya watu maua, alicheka. "Heri wewe kuliko mtu baki," akasema. "Wewe angalau utabisha hodi."

Siku ya kwanza nilipelekwa kujifunza kazi kwenye ziwa dogo lililo chini ya vilima vya Nyabiyonza, ambako jani lilikuwa bado halijafika, nikakabidhiwa kwa mvuvi mmoja Mnyambo aliyeitwa Kaijage. Maji yale yalikuwa shamba lake na baba yake na babu yake. Alinikuta nimesimama ufukweni na kanzu safi na viatu vya ngozi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Viatu hivyo umevivalia nani?"

"Boma."

"Vivue. Boma haliko huku chini."

Nikavivua, nikaingia mtumbwini, na mtumbwi ukanitupa majini kabla hatujaondoka. Kaijage hakucheka. Alininyooshea pondo nikalishika, akanivuta kama avutavyo mgono, mtego wake wa kambare, akasema, "Waitu, ndugu yangu, sasa wewe na mtumbwi mmejuana. Kesho hautakutupa." Kesho yake ulinitupa tena, lakini hapo nilikuwa nimekwisha kujifunza kufumba mdomo.

Yule mzee, kwa miaka mingi, alinifundisha yote ninayoyajua, nami nawapa ninyi kama alivyonipa. Msilitafute jani katikati ya ziwa. Angalieni upepo umevuma upande gani tangu juzi, mwende ufukwe ule unakoelekea, maana kila kinachoelea hukusanyika huko. Pigeni pondo kwenye mafunjo, msikilize. Maji matupu yanalia, na maji yaliyofunikwa yananyamaza. Mkilikuta, msilikate. Kipande kimoja kikibaki ni mche mpya. Tieni reki chini kabisa, mnyanyue pamoja na mizizi yake ile myeusi kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, mweke ndani ya tenga lililosukwa vizuri, tena tenga juu ya tenga. Kisha mpande nalo mpaka uwandani, mbali na kijito chochote, mlianike juu ya mawe mpaka livunjike kama tumbaku. Msimpe mtu wa kibanja alitandaze chini ya migomba yake. Ataomba, tena ataomba kwa adabu, kwa kuwa kila mtu huku anatafuta matandazo. Mkatalieni. Mvua moja tu na limerudi majini, maana migomba iko kwenye mteremko.

Reki yangu ilikuwa ya mti mgumu, ya meno tisa, alinichongea Kaijage. Boma lilituletea reki ya chuma kutoka Ulaya, nzito, yenye mpini uliopakwa rangi nzuri. Ilizama mwezi uleule na sikuitafuta.

Upande wa watu ulikuwa mgumu kuliko upande wa maji. Nilikagua mizigo ya misafara iliyopita kuelekea Rubwera na kivuko cha Kagera. Nilikuta jani limefungiwa ndani ya miche ya buni, limetiwa chini ya mayai, limekunjwa ndani ya kitambaa kibichi. Mama mmoja, mke wa mwenye duka, alilificha kwenye bakuli chini ya kanga, nilipolifunua akaniambia ni mchicha. Nikamwambia, "Basi, mama, upike tule." Akaupika kweli, wallahi, akaniwekea mbele. Nililamba kidogo kwa heshima. Ni mchungu, tena unawasha koo.

Kwa mjomba nilichelewa kwenda. Nilizunguka kila duka Kanoni, nikabakiza lake, mpaka watu wakaanza kunong'ona juu yangu. Mwisho nikaenda asubuhi, nikabisha hodi kama alivyosema.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunywa kahawa au umekuja kufanya kazi?"

"Kazi."

Akanipeleka nyuma mwenyewe. Tukamwaga debe moja baada ya jingine mchangani, mimi nikikusanya majani, yeye akisimama pembeni mikono nyuma. Tulipomaliza nikamwambia kwamba Bwana Shamba ametaka kila mfanyabiashara aape kwa msahafu kwamba hatauza tena. Wengine wote walikuwa wameapa, na nusu yao walikuwa na mche mwingine chumbani.

Mjomba alinitazama. "Nimekulea miaka mingapi?"

"Mingi, mjomba."

"Umewahi kunisikia nikisema neno nikalirudisha?"

"Hapana."

"Basi nakwambia siuzi tena. Msahafu uache mahali pake. Siwezi kuapishwa na mtoto niliyemfundisha kuusoma."

Nilipaswa kulikubali neno lile na kukaa nalo moyoni. Badala yake niliandika kwenye daftari la boma: Mbaraka wa Kanoni, amekataa kuapa. Ilikuwa kweli. Nimeandika mambo mengi ya kweli maishani mwangu na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Miaka hiyo nilioa. Mke wangu, Kokugonza, ni mzaliwa wa Nyabiyonza, na mjomba alinisimamia kama baba, akatoa nguo, akakaa na wazee wa Kinyambo siku mbili akijaribu kukataa lubisi, pombe yao ya ndizi, bila kuwaudhi. Kokugonza alimpenda sana. Alimwita tata, baba, na alipokwenda Kanoni alipita kwanza kwake ndipo aje kwangu kibaruani.

Sasa nifike kwenye mtungi. Shida ya kazi yetu ilikuwa kwamba watu wa vijijini hawakulijua jani. Ukiwaambia jani linaloelea, wanakuonyesha yungiyungi. Ukiwaambia lina ua la zambarau, wanakuuliza zambarau ni nini. Picha ya Bwana Shamba waliigeuza juu chini. Basi nikapata wazo langu mwenyewe, na nililionea fahari, nisijifiche. Nikachukua mtungi wenye mdomo mpana, nikaujaza maji, nikaweka juu yake mche mmoja mzima, hai, na ua lake. Nikajitwika kichwani kwa ngata, kama mwanamke, nikapanda nao kilima hadi kilima. Kila kisima nilichofika nilikusanya watu, nikautua, nikasema, "Hili ndilo. Likionekana, niiteni." Wakalishika, wakaligeuza, wakalijua. Na pale ambapo mzee wa kijiji alionekana mtu makini, nilimwachia mche mmoja kwenye chungu, aufiche nyumbani kwake uwe kielelezo. Nilivibeba vielelezo hivyo kutoka bomani, kwenye pipa la Bwana Shamba ambalo lilikuwa halali kuliko mapipa yote.

Watu walikuja wengi kuliko walivyokuja kwa hotuba yoyote ya boma. Wanawake hasa. Wakanizunguka, wakacheka kumwona mwanamume wa kanzu amejitwika mtungi, wakaongea haraka haraka Kinyambo ambacho sikukifuata chote.

Kaijage alikuwa nami safari ya kwanza. Tulipokuwa tunashuka aliniambia, "Mwanangu, wale wanawake hawakukutazama wewe."

"Walilitazama jani, mzee. Ndilo nililowapelekea."

"Sijui," akasema. "Mimi naona walitazama mtungi."

Nilifikiri ananitania tu.

Bwana Shamba aliposikia habari ya mtungi alifurahi mpaka akakohoa. Akaandika barua kuusifu, akaagiza wilaya nyingine wafanye vivyo hivyo. Nimesema sitaongea habari za kupandishwa cheo, lakini hicho kimoja mkijue, kilitokana na mtungi.

Mwaka uliofuata, jani likaonekana Nyabiyonza. Halikuanzia ziwani, ambako tungelitegemea, wala njia ya misafara. Lilianzia juu, kwenye visima vya mabonde, mahali ambapo hakuna duka, hakuna Mzungu, hakuna beseni la mtu yeyote. Leo kisima hiki, wiki ijayo kile. Tuling'oa, tukaanika, likarudi. Kutoka visimani likashuka na vijito, likafika ziwani, na asubuhi moja Kaijage aliinua mgono wake ukaja na shungi la majani juu yake. Alikaa chini mtumbwini akautazama mgono huo muda mrefu. "Sasa limeingia nyumbani," akasema.

Bwana Shamba alitaka jina. Ni nani anayepeleka mche visimani? Alifungua daftari langu, akapitisha kidole, akafika kwa aliyekataa kuapa. "Huyu ni nani?"

"Ni mjomba wangu."

"Anafika Nyabiyonza?"

Alikuwa anafika. Tangu nioe alikuwa akienda mara kwa mara kuwasalimu wakwe zangu na kuwauzia chumvi. Nilikuwa nimeanza kumshuku hata mimi. Sasa naona nilimshuku kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nilitaka boma lione kwamba simpendelei ndugu. Nikajibu, "Anafika, bwana. Na madebe yake alikuwa nayo mengi." Hayo tu. Sikusema uongo hata neno moja.

Walimpekua, wakakuta debe moja tupu lenye harufu ya tope. Likatosha. Akalazwa chini mbele ya maduka ya Kanoni, siku ya soko, akapigwa viboko hamsa ishirini. Mtu wa makamo, mwenye mvi, ambaye watu walimpisha njia. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari. Katikati aligeuza uso, akanitazama mara moja, si kwa hasira, nilivyoona alikuwa ananitafuta tu kama mtu anavyotafuta mtu wake kwenye msongamano. Nikainamisha kichwa nikajifanya naandika.

Baada ya hapo alipewa siku chache afunge duka, atoke wilayani. Akavuka Kagera akaenda upande wa Waingereza. Kokugonza alimsindikiza mpaka kivukoni. Aliporudi hakunisemesha siku nne, na siku ya tano aliniambia, "Yule hakulileta. Mtu aliyeyasemesha maua yake kama kuku asingeyatupa kisimani kwa watu."

"Basi nani?"

"Wewe ndiye mkaguzi," akasema.

Watu wa Kanoni tangu siku ile wakalipa jani jina. Lilikuwa halina jina la Kinyambo wala la Kiswahili, kila mtu alilitaja kivyake. Sasa likawa jani la Mbaraka. Watoto wakalitaja hivyo, wazee wakalitaja hivyo, mpaka kwenye barua za boma likaandikwa hivyo. Mkono ulioliandika humo kwanza ni wangu, maana ndilo jina lililoeleweka.

Niligundua ukweli kiangazi kilichofuata. Nilikuwa nimeketi kwenye kona ya njia, juu ya kisima cha nyumbani kwa wakwe zangu, napumzisha mgongo. Wanawake wakapanda kutoka kisimani kwa safu, mitungi kichwani, wananiamkia kila mmoja anapopita. Mnajua wanawake wa huku wanavyofanya. Mtungi ukijaa, hutiwa juu ya maji kipande cha jani la mgomba au kishungi cha nyasi, ili maji yasiruke kwenye mteremko na kuwamwagikia. Ni desturi ya siku zote, nimeiona tangu nifike, ndiyo maana nilikuwa siioni tena. Safari hii nikaona kijani kinang'aa. Mtungi wa kwanza, jani lile la ua la zambarau. Wa pili, lilelile. Wa tatu. Wote.

Nikasimama. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja, shangazi yake Kokugonza, mzee mcheshi sana.

"Mawe!" nikamwita, yaani mama. "Hilo jani la mtungini, nani amewafundisha kulitia?"

Akanitazama akidhani namtania. "Si wewe, mkwe wetu?"

"Mimi?"

"Ulipanda kilima chote na mtungi umejaa, ukafika juu na kanzu kavu. Sisi tunapanda kila siku na migongo imelowa. Tukasema, loo, Waswahili wana akili! La mgomba linazama, nyasi zinatia ladha. Hili linakaa juu, na vile vitunguu vyake vinayashika maji. Tulikwenda kwa mzee wa kijiji tukamwomba vijimche, naye ulimwachia."

"Na likinyauka?"

"Tunalitupa pale kisimani, tunachukua jingine. Sasa yako tele."

Akaniaga, akaenda zake, maji yake yametulia kichwani. Kaijage alikuwa ameniambia. Walitazama mtungi.

Mkiniuliza nilifanya nini, nitawaambia, na ndipo mtakapoacha kuniheshimu, na mna haki. Nilizunguka vijijini nikachukua vielelezo vyote. Nikawakataza wanawake jani lile, wakaniitikia vizuri, wakaendelea. Kwa Bwana Shamba sikusema. Ningemwambia nini? Kwamba njia iliyosifiwa kwa barua, iliyoagizwa kwa wilaya nyingine, ndiyo iliyopanda jani? Niliyaona mapigo yale nikiwa nimesimama karibu, nilijua sauti ya kiboko. Nikajiambia mjomba amekwisha kuchapwa, mapigo hayarudi nyuma, amekwisha kuhama, atarudi aje kufanya nini. Nikajiambia maneno mengi ya namna hiyo. Nilimwambia Kokugonza peke yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Utakwenda lini?" Nikasema mvua zikikatika. Mvua zikakatika.

Kwenye kazi yenyewe chukueni funzo hili. Msionyeshe mche hai. Ukausheni kati ya vibao viwili mpaka ufe kabisa, ndipo muubebe. Wala msimwachie mtu kielelezo, hata awe makini namna gani. Na kabla hamjawafundisha watu kitu kisimani, kaeni kwanza siku nzima muone wanavyoteka maji.

Ziwa lilikwenda taratibu. Mwaka wa kwanza majani yalishika ghuba ya upande wa upepo. Mwaka wa pili mitumbwi ilipita kwa kusukumwa. Kambare walibaki, wale hawafi kwa lolote, lakini samaki wengine walielea tumbo juu, na maji yakaanza kunuka mtungini. Kaijage na mimi tuling'oa mpaka kucha zetu zikaoza. Hakunilaumu, kwa kuwa sikumpa la kunilaumia. Yeye pia aliliita jani la Mbaraka. Kila alipolitaja nilikazana na reki. Mwisho aliupindua mtumbwi wake ufukweni, akaenda kukaa kwa binti yake akalimie migomba, kazi ambayo hajawahi kuifanya. Alifariki huko. Nilimzika pamoja na wanawe, nikarudi kazini.

Kisha vita. Kagera ikawa mpaka wa bunduki, hakuna anayevuka. Nilifurahi. Mkisimulia, semeni hivyo: alifurahi kwamba hakuna anayevuka. Bwana Shamba akaondoka na Wadachi wenzake, boma likabaki kuta, wakaja Waingereza, wakanikuta na reki wakaniacha nayo. Njia ikafunguliwa. Sasa sikuwa na mvua wala vita wala mtu wa kunichapa, na bado Kokugonza ndiye aliyenifungia chakula cha njiani akakiweka mlangoni.

Nilimkuta mjomba ng'ambo, mwendo wa siku moja kutoka kivukoni, anauza chumvi na sindano chini ya kibanda cha nyasi. Amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kokugonza hajambo?"

Nikakaa chini, kwenye vumbi, nikamweleza yote, mtungi, shangazi, daftari, na miaka niliyonyamaza. Nililia, sioni haya kusema. Alisikiliza akipanga sindano zake. Nilipomaliza nikasema, "Haukuwa wewe, mjomba. Nilikuwa mimi."

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mimi nilijua tangu siku ile kwamba si mimi."

Akaweka sindano ya mwisho mahali pake.

"Umekuja mbali kuja kumwambia mtu pekee aliyekuwa anajua. Mimi nilikusamehe zamani, maana wewe ndiye mtoto niliye naye. Lakini nililazwa chini Kanoni. Kama una neno la kusema, likaseme pale. Wakikusikia, nitarudi nife karibu na watu wangu."

Nikarudi. Ijumaa, baada ya sala, nikawaomba watu wa Kanoni wasiondoke. Wafanyabiashara wote walikuwepo, na wazee wa Kinyambo walioijua siku ile ya soko. Nikasimama barazani nikayasema kama nilivyoyaandika hapa, bila kujipunguzia. Nilipokaa, mzee mwenye duka la mwisho, aliyekuwa rafiki yake mjomba, aliinuka akaja kunishika mkono wangu huu unaotetemeka, machozi yanamlenga.

"Mungu akulipe," akasema, na wengine wakaitikia amina. "Siku hizi ni nani anayebeba aibu ya mjomba wake namna hii? Umemsitiri. Amelea mtu kweli."

"Mzee, simsitiri. Ni kweli."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, akinipigapiga mkono. "Tumeelewa."

Nikasimama tena, nikarudia tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Wakazidi kunisifu.